Jina la Mama Uwanjani

Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi. Upepo wa hapa kijijini Kinyangiri umeanza kupiga mabati kabla hata jogoo hajawika, na mimi usingizi sikuupata. Mwanangu amelala kama hana habari na dunia. Nina muda mfupi tu kabla Bibi hajamaliza chai yake, kwa hiyo naandika haraka na bila kujipamba.

Jana nilifanya jambo baya. Hapana, jambo lenyewe nililifanya miezi mitatu iliyopita. Jana ndipo lilipoonekana kwenye televisheni.

Niwaeleze msiotoka huku. Kwetu mwanamke akijifungua mtoto wa kwanza hukaa ndani mpaka siku ya kutolewa nje. Siku hiyo wanaume wote wanaondoka pale nyumbani, hata babu mwenye miguu mibovu atashikwa mkono apelekwe kwa jirani. Wanawake wanafunga mlango na kuimba wimbo mmoja, na ndani ya wimbo huo wanawataja kwa majina wanawake wa kijiji waliokufa wakijifungua. Wakristo, Waislamu, wote kwa pamoja. Wanatajwa ili wajue hawajasahaulika, wamwache aliyepona atoke salama. Mwanamume hayasikii majina hayo. Hayaimbwi shambani, hayaimbwi harusini, wala kanisani.

Jina la tano ni Mariamu. Huyo ni mama yangu. Alikufa siku niliyozaliwa, na Bibi, mama yake mzazi, ndiye aliyenilea.

Na mimi niliurekodi.

Ilikuwa siku ya kutolewa kwangu, simu nimeificha chini ya kanga, mtoto nimempakata juu yake. Nilijiambia ni kumbukumbu tu, nije nimsikilizishe binti nikimpata. Kisha Daudi akaniandikia. Daudi nilisoma naye chuo cha ualimu, siku hizi anaongoza kikundi cha ngoma Dar es Salaam. Kikundi chake kilikuwa kimechaguliwa kutumbuiza kwenye sherehe ya kufunga mashindano ya mpira ya Afrika, akawa anatafuta wimbo ambao watu hawajauzoea. Ningeweza kumjibu sina. Lakini nimechoka: ikitajwa Singida watu wanakumbuka kuku na alizeti, basi, na sisi wa wilaya ya Mkalama hata hatutajwi. Nikataka watu wajue na sisi tuna kitu, nikamtumia. Kilichoniponza ni sifa, sina cha kusingizia.

Kesho yake nikaingiwa na hofu, nikamwomba ayatoe majina. Alinijibu kwa alama ya dole gumba. Nikakaa na lile dole gumba miezi mitatu nikijifanya ni kiapo.

Juzi redio ikatangaza kwamba wimbo wa Mkalama utaimbwa mbele ya Afrika nzima. Kijiji kikalipuka. Mwenye kibanda umiza pale senta, kile cha kulipia kutazama mpira, akasema wazee wote waje, akawawekea benchi la mbele, mahali ambapo siku zote wanakaa vijana wenye jezi. Nilijaribu kumzuia Bibi. Nikamwambia kuna vumbi, macho yake yatauma.

“Macho ni yangu,” alinijibu. “Wewe beba mtoto wako.”

Saa kumi alasiri kibanda kilikuwa kimejaa mpaka mlangoni. Kabla ya fainali wakaanza na muziki. Akapita msanii mmoja wa bongo fleva amevaa koti linalometa, vijana wakaimba naye mstari kwa mstari. Ikaja bendi ya tarumbeta. Mimi nilikuwa nyuma ya Bibi, naomba umeme ukatike. Siku zote unakatika dakika ya tisini na hakuna aliyeuomba ukatike. Jana ulikaa imara.

Wakatokea wasichana wa Daudi, zaidi ya mia, wamevaa kaniki nyeusi. Sauti ya kwanza tu, niliona shingo ya Bibi imekakamaa.

Ubeti wa kwanza hauna ubaya, unamsifu mtoto. Wanaume wakapiga makofi. Wa pili unaitania mimba. Nikawa nahesabu kwa vidole, kwa sababu baada ya wa tatu ndipo yanapoanza majina, na nilikuwa bado nalitegemea lile dole gumba.

Binti aliyekuwa akiongoza akavuta pumzi. Akataja jina la kwanza.

Bibi alisimama. Mzee wa miaka themanini, sijui alizipata wapi zile nguvu, akapiga kigelegele ambacho sijawahi kukisikia kutoka kwake. Mwanamke wa pembeni yake akamwangalia mara moja tu, akaelewa, akadakia. Kisha wote, benchi zima na waliosimama ukutani, vigelegele juu ya vigelegele, mpaka spika za kibanda zikawa kama hazipo. Wanaume wakacheka kwa furaha. Walidhani tunasherehekea.

Nilikuwa nauangalia mdomo wa yule binti, ambao kwenye kioo ulikuwa mkubwa kama sahani. Mpangilio wa majina naujua. Nikauona mdomo ukimtaja mama yangu, mbele ya uwanja mzima, huku kamera ikisogea karibu na yeye akitabasamu, kwa sababu hakujua anamtaja nani.

Baada ya hapo zikapigwa fataki. Bibi akakaa chini. Uso wake ulikuwa mkavu kabisa. Mwenyekiti wa kijiji akaja kumpa mkono, eti ametuheshimisha.

Jioni wanawake wakajaa jikoni kwetu. Hakuna aliyeuliza nani ameutoa, walikuwa wameshaamua.

“Ni Asha,” alisema mmoja wao. “Nani mwingine anakaa Dar?”

Asha ni binti wa jirani, tumekua pamoja. Siku yangu ya kutolewa alikuja kutoka Dar, akawa ndani ya chumba kile kile, akiimba. Mwezi ujao anarudi kwao kujifungua mtoto wa kwanza.

“Aje ajifungue,” Bibi alisema, polepole, kwa Kinyiramba. “Lakini hakuna atakayemwimbia. Atatoka nje mwenyewe, kama mbuzi.”

Nilikuwa nimeshika birika. Nikawamiminia chai mmoja mmoja, wakanishukuru. Mwanangu akalia, nikapata sababu ya kutoka.

Huko nje nikakuta ujumbe wa Asha kwenye simu: “Umeona? Nimelia, wamemtaja hadi mama yako. Nani amewapa jamani?”

Sijamjibu.

Nimeyaandika haya hapa mtandaoni kwa sababu Bibi hajui kusoma. Ndiyo ukweli wenyewe. Kukiri mbele ya watu nisiowajua ni rahisi, unabonyeza tu, na kuna watakaoniambia pole. Lakini Asha pole zenu hazimsaidii. Bibi amesema akimaliza chai anakwenda kwa mama yake Asha kumpa habari, na sasa hivi namsikia anasukuma kigoda, anatafuta fimbo.

Nikimaliza kuandika natoka nimwahi mlangoni. Nitamwamkia shikamoo kama kila asubuhi, na ataitikia marahaba kabla hajajua anamwitikia nani.