Tiki Nyekundu kwenye Daftari la Esperansi

Jumatatu, 3 Machi

Mvua tangu alfajiri. Nimefika shuleni na matope mpaka magotini. Darasa la sita, vitenzi vitano ubaoni kama kila siku: get up, run out of, wash off, throw away, put out. Kazi yao ni sentensi tano, za nyumbani kwao, za maisha yao. Nimepiga marufuku mwizi. Kila mwaka mwizi anakimbia, polisi wanamfukuza, na mtoto hajifunzi kitu. Nataka sufuria, mbuzi, kaka mvivu.

Daftari linakwenda nyumbani, mzazi anaweka sahihi, kesho yake linarudi kwangu. Amri ya mwalimu mkuu. Wazazi wengi hawasomi Kiingereza. Wanasaini tu.

Jumanne, 4 Machi

Madaftari arobaini na moja kabla ya chai. Mengi ya ovyo. La Esperansi zuri. Huyu ni mtoto wa Bukuru, anayetuletea maandazi ya chai ya saa nne. Ada ya mtoto inakatwa kwenye pesa ya maandazi. Walihamia mjini kutoka Katumba mtoto alipoingia la tatu, na Kiingereza alikuwa hajui hata salamu. Leo sentensi tano zimenyooka, kosa ni "the" moja tu. Nimempa tano kwa tano na "Good work!" kwa wino mwekundu. Hatimaye mtu ameandika habari za kwao. Nimefurahi kweli.

Jumatano, 5 Machi

Nilikuwa na andazi mkononi, la moto. Bukuru alikuwa mlangoni anafunika ndoo yake, akageuka pembeni kukohoa. Alikohoa muda mrefu, ameshika ukuta. Ndipo zile sentensi zikanirudia.

Nikaenda kulitafuta daftari. My mother gets up early to wash off the blood from father's cloth. Tiki. Father throws away the cloth when the blood is too much. Tiki. Mother puts out the lamp so that we do not see. Tiki, na moyo wa furaha pembeni nimemchorea. Mtoto ameniandikia kwamba baba yake anakohoa damu, mimi nikamrekebishia "the".

Chini yake kuna sahihi ya Bukuru, yenye mkia mrefu. Amesaini damu yake mwenyewe bila kujua.

Najichukia leo. Andazi sikulimaliza.

Alhamisi, 6 Machi

Vitenzi vya leo nimevichagua kama mpelelezi: go on, find out, give up, turn down, pass on. Watoto arobaini wameandika kwa ajili ya mmoja. Si haki, lakini sikuona njia nyingine.

Ijumaa, 7 Machi

Amejibu. Yote. Imeanza Krismasi. Mama alimbembeleza baba aende hospitali, akakataa: he turned it down three times. Watu wakijua, hakuna atakayenunua maandazi, na Esperansi ataacha shule. Sentensi ya mwisho: Please teacher, do not pass it on.

Sahihi yenye mkia ipo chini, kama kawaida.

Nilimwita mapumziko. Alitazama viatu vyake.

"Ni mifano tu, madam."

Nikamuuliza wanalalaje. Chumba kimoja. Yeye na wadogo zake wawili kwenye mkeka, baba na mama upande wa pili wa pazia. Nikamwambia arudi darasani. Sikuweka alama yoyote. Hili si zoezi, ni ombi.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani mtu wa kwaya alikohoa mara mbili. Sikusikia mahubiri.

Jumatatu, 10 Machi

Nilikwenda mpaka mlango wa mwalimu mkuu. Nikarudi.

Namjua mwalimu mkuu. Atafukuza maandazi kwanza, maswali baadaye, na mtoto atafuata nyuma ya maandazi. Lakini nikikaa kimya, watoto watatu wanavuta hewa ile ile kila siku. Na dawa za TB ni bure! Hilo linaniudhi kuliko yote. Mwanaume mzima anayekanda unga wa kulisha shule nzima anaogopa kutemea makohozi kwenye kikopo. Halafu nikajiuliza mimi mwenyewe naogopa nini. Naogopa mlango.

Nimemgombeza mtoto mmoja darasani kwa kuvunja chaki. Hakustahili. Nimekuwa mkali wiki nzima na sijui kuacha.

Jumatano, 12 Machi

Nataka kuandika hili kabla sijaanza kujitetea.

Leo wazazi walikuja kukagua madaftari. Benchi limejaa. Bukuru akafika na koti, jua lote hili. Shingo imebaki mishipa. Akaweka daftari mezani kwangu kwa mikono miwili.

"Mwalimu, kila siku naweka sahihi kitu nisichokijua. Nyie ndio mnajua. Leo nisomee kwa Kiswahili. Nataka nisikie mwanangu anaandika nini."

Anajivunia. Uso wote ulikuwa unacheka. Esperansi alisimama kwenye kizingiti, kamba ya sweta mdomoni.

Ningeweza kusema ameandika habari za mbuzi. Nilishafungua mdomo niseme hivyo. Nilimwona mtoto akinitikisia kichwa, kidogo sana: usisome.

Nikawaomba wazazi wengine wasubiri nje. Nikafunga mlango, mtoto akiwa ndani. Nikafungua madirisha yote. Nikasoma.

Nilisoma taratibu, sentensi moja moja, Kiingereza kisha Kiswahili. Kitambaa. Taa. Krismasi. Wadogo zake. Ile ya mwisho, ya kuniomba nisimwambie mtu, nayo nikaisoma. Ningeiruka ningekuwa mwongo nusu.

Hakunikatiza. Nilipomaliza, watu wa benchi walikuwa wananong'ona nje. Kisha akaweka kidole kwenye ukurasa, pembeni kabisa ya maandishi, asiyaguse.

"Amekosea wapi?"

"Hajakosea popote, baba Esperansi."

Akafunga daftari. Akaondoka hajaaga. Mtoto alimfuata, na pale mlangoni akanigeukia. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtoto. Nimestahili.

Ijumaa, 14 Machi

Siku ya pili hakuna maandazi. Walimu wamekunywa chai kavu na kunung'unika. Mwalimu mkuu anauliza kila mtu. Kiti cha Esperansi kitupu. Mchana nilipita Kashaulili pale Bukuru anapokaangia. Jiko limepoa, karai limefunikwa. Muuza nyanya wa jirani anasema wamefunga na kuondoka wote, hajui wapi. Kama wamerudi Katumba, basi nimewapoteza wote watano kwa kusoma ukurasa mmoja.

Sina hamu ya chakula. Nimemwambia dada yangu kwenye simu ni malaria.

Jumatatu, 17 Machi

Wapo! Mama Esperansi amekuja mwenyewe, saa mbili, amejifunga kitenge kipya kama mtu anayekwenda kudai haki. Kumbe Alhamisi Bukuru aliamka, akawaambia wote wavae, akawaongoza mpaka hospitali. Watu watano wamejipanga dirishani. Yeye ana TB, ameanza vidonge, na atalala peke yake kwa sasa. Mama, Esperansi na mdogo anayemfuata hawana. Mdogo wa mwisho naye ameanza dawa. Miaka minne yule. Nilihesabu siku nilizozunguka mlangoni kwa mwalimu mkuu.

Mwalimu mkuu aliposikia alitaka kutafuta muuzaji mwingine leo hii hii. Nilimwambia maneno ambayo sikuyapanga, tena kwa sauti. Kwamba TB inakwenda kwa hewa, haiendi kwa andazi. Kwamba Mama Esperansi amepimwa na sisi humu hatujapimwa. Amekubali mama akaange, akileta cheti. Mimi nimepewa onyo la mdomo. Sawa.

Esperansi amerudi darasani. Amehama dawati la mbele, amekwenda kukaa mwisho kabisa, karibu na ndoo ya maji.

Alhamisi, 20 Machi

Hali ya hewa nzuri. Maandazi ya Mama Esperansi ni madogo kidogo lakini laini.

Bukuru alipita nje ya uzio, kitambaa mdomoni, anatoka kumeza dawa zake. Hakuingia. Aliinua mkono, nami nikainua wangu.

Vitenzi vya jana vilikuwa rahisi: sit down, come back, pick up, look for, turn on. Esperansi ameandika tarehe vizuri. Amepiga mstari kwa rula. Ameandika namba moja mpaka tano kwenye pambizo, na mbele ya kila namba hakuna neno. Sahihi ya baba ipo.

Sheria yangu ni sifuri na kubaki baada ya kengele. Nilikaa na kalamu muda mrefu. Bukuru akirudi kesho na daftari nitamsomea tena, sitabadilisha hata neno. Na mtoto huyu aliniomba jambo moja tu maishani mwake, nisimwambie mtu.

Sikuandika chochote. Nimelifunga, nikalirudisha kwenye lundo na mengine.