Kioko, Video ya Mahjar Imekamilika

Kioko, ndugu yangu,

Video imekamilika. Nimeimalizia hapa Riyadh, chumbani kwangu Sulimaniyah, bosi akiwa amesafiri. Natamani ningekutumia wewe kwanza, halafu uniambie, "Barasa, hapo umechelewa kukata picha."

Tangu moyo wako usimame ghafla kule Jeddah, siwezi kusikiliza roki yako, ile ya gitaa la kukwaruza na maneno ya huzuni, bila kukuona. Nakumbuka nilipoipeleka familia ya bosi Jeddah, mimi nawe tukakaa Sharafiya na sahani moja ya wali. Ukaniwekea video ya bendi fulani kwenye simu, ukawa unaisimamisha kila mara. "Tazama, kamera iko chini, ndiyo maana mwimbaji anaonekana mkubwa hivyo. Sasa sikiliza dramu. Kila ikipigwa, picha inabadilika." Mimi ni dereva, sikuwa nimewahi kuona hayo. Nikaanza kuyaona. Wali ukapoa.

Kesho yake tukashuti wimbo wako Mahjar, huko huko Jeddah, nyuma ya ghala ulilokuwa ukilinda. Umevaa sare ya kazi, gitaa begani. Nakuzunguka mbio na simu, wewe unacheka: "Usiishike sana, iache itetemeke!"

Basi nilifuata mafunzo yako yote. Nikakata kwa dramu: vidole, buti, mdomo, ukuta, vidole tena. Ungeipenda, Kioko. Nikamtumia mama yako Machakos, kwa simu ya dada yako. Akanipigia akilia.

"Barasa, mbona unamkatakata mwanangu? Nikitaka kumwona, ameshaenda."

Nikarudi kwenye picha zote tulizopiga, nikapata moja ambayo tungeitupa. Wimbo umeisha, hujui kwamba bado narekodi. Unafuta jasho kwa mkono wa shati. Unapumua. Unatazama mbali, sijui ulikuwa unawaza nini, na sikukuuliza. Kamera imetulia kwa sababu nilikuwa nimechoka kukimbia. Nikaiweka mwisho, nzima, bila muziki. Najua tungegombana. Ungesema watu watasinzia.

Mama hakusinzia. Dada yako anasema aliishika simu kwa mikono miwili, akaanza kuiongelesha: "Kioko, umekonda. Kwani huko hamli?" Halafu akaomba irudishwe.

Nina hamu nawe, kaka. Kuna mambo mengi ya picha nataka kukuuliza, na hapa sina mwingine. Napita barabarani naona taa fulani, nageuka kukuambia...

Pumzika sasa. Mkataba ukiisha na bosi, ambaye ndiye kafili wangu, akinipa ruhusa ya kuondoka, sitaanzia kwetu Bungoma. Nitashukia Machakos, nikae na mama, nimjibu yote atakayoniuliza juu yako, hata akiuliza mara mbili.

Wako,
Barasa