Njooni Huku kwa Melania

Buseresere, 4 Juni 1972

Dada Melania,

Shikamoo. Mimi mzima, kazi ya kubeba pamba ghalani inaendelea na mgongo unaendelea nao. Kile kifua chako kimepona? Mama nilimwona Jumapili, anakusalimia, anasema usilale dirisha wazi.

Barua yako imefika. Mabula ninayebeba naye magunia ndiye aliichukua posta, akaja anaipunga mbele ya watu, "Nkwabi ana mchumba misheni!" Nikasema ni dada yangu. Akasema wote husema hivyo.

Sasa dada, unasema nije kwenye hilo tamasha la muziki wa Wazungu. Nimefurahi ila naogopa. Unanijua, watu wakiwa wengi mdomo unanikauka. Shuleni mwalimu akiniita mbele nilikuwa natazama miguu yangu mpaka anirudishe, na darasa la pili ndiyo nikaacha. Huko nitakaa wapi? Suruali ya heshima ninayo moja, ina kiraka gotini. Na mambo yenyewe yanakwendaje? Nani anashindana na wewe? Niambie yote, nisije nikakuaibisha.

Mdogo wako,
Nkwabi

Misheni, njia ya Ushirombo, 19 Juni 1972

Mdogo wangu Nkwabi,

Marahaba. Kifua kimepona, sasa ni woga tu ndio unanibana. Mwambie Mama dirisha nafunga.

Kiraka si dhambi, fua tu suruali na uipige pasi. Usije na katambuga, zile sandali zako za tairi zinalia, huku watu wananyamaza. Omba viatu. Utalala kwa katekista Telesphori, nimeshaongea naye, mkewe anapika ugali wa kutosha.

Hao wageni ni kama ishirini. Wana mazeze ya kuweka chini ya kidevu, na mengine makubwa mtu anayakumbatia kwa magoti. Mbele yao anasimama mwenye kijiti, yeye hapigi kitu, anawaongoza tu. Halafu wako wa peke yao, wanaotoka mbele mmoja mmoja. Siku ya mwisho, saa kumi jioni, mmoja wa hao wa mbele ni mimi! Ni Sista Scolastika, mwalimu wetu wa kwaya, aliyewaambia wanisikilize. Mimi nitaimba, na mama mmoja wa Kizungu atasimama kulia kwangu na zeze lake. Namwogopa yule mama, Nkwabi. Akianza yeye kila mtu anageuka kumsikiliza, mimi napotea.

La maana ni hili. Wageni wanatafuta mtu mmoja wa kwenda kwao kusomea kuimba, miaka mitatu. Sista anasema huenda nikawa mimi. Lakini misheni haimtoi msichana bila ndugu zake kusema neno, na Baba ametangulia. Nikishaimba watakaa na mwanamume wa kwetu wamuulize. Mwanamume wa kwetu ni wewe. Usiposema ndiyo, siendi popote. Kwa hiyo ukauke mdomo usikauke, njoo.

Dada yako,
Melania

Buseresere, 27 Julai 1972

Dada Melania,

Shikamoo. Sijui kama ni haki yangu kukuuliza hali, ila nakuuliza. Mimi nimefika. Mwili mzima, uso ndio sina.

Nakuandikia ulichokiona mwenyewe, maana hukuona nilichokuwa naona mimi.

Nilikaa na Mabula, aliyeniazima viatu kwa sharti aje naye, benchi la kati, mikono magotini, kama ulivyotaka. Siku mbili zile nilikaa hivyo hivyo. Wanapiga, wanainama, watu wanapiga makofi kidogo, wananyamaza tena. Nikasema aah, hawa wanajipasha, siku yenyewe bado.

Siku ya mwisho ukatoka. Dada, sikukujua. Ukaimba nikaona nywele za mikono zinasimama. Halafu yule mama akaingia. Ukisema neno, yeye anajibu. Ukipanda, anapanda juu yako. Ukivuta pumzi tu, anaingia hapo hapo kwenye nafasi yako. Nikatazama Wazungu waliokaa mbele, macho yote yamehamia kwake. Na mwenye kijiti kamgeukia, wewe kakupa bega.

Nikamnong'oneza Mabula, "Wanamchukulia watu."

Mabula akasema, "Na wewe umekaa tu kama gunia? Ndugu gani wewe!"

Unakumbuka Baba alivyokuwa manju, kiongozi wa ngoma. Pamba ikishauzwa, Bagalu, kundi lake, upande huu, Bagika, wapinzani wao, upande ule, ngoma zote kwa mara moja, na watu katikati. Wanakokwenda watu ndiko kwenye ushindi. Na kazi yangu ilikuwa ipi? Kukimbia katikati kuwavuta waje kwa Baba. Hapo tu ndipo sikuwa mwoga. Ndugu anayekaa wakati watu wa kwao wanapungua, huyo si ndugu.

Basi nikasikia mtu anapiga kelele. Nikasema nani huyu mpumbavu, kumbe ni mimi nimesimama juu ya benchi. "Njooni huku! Njooni huku kwa Melania! Huku ndiko kwenyewe!"

Na wale wazee waliokaa nyuma kwenye nyasi walikuwa wamechoka siku tatu kungoja mtu aseme hivyo. Wakainuka na fimbo zao. Kina mama na vigelegele. Wote wanakuja kwako. Mzee mmoja mwenye kofia akasema, "Mimi nabaki na Mzungu, mkono wake mwepesi!" akavuka na watu wake kule. Hao wanasukumana na hawa, vumbi limesimama. Vile vyuma wanavyowekea karatasi vikalala chini kimoja baada ya kingine, karatasi zikaenda na upepo mpaka kwa mbuzi wa misheni. Yule wa zeze kubwa kalikumbatia kama mtoto anayetaka kunyang'anywa. Muziki ukafa.

Bruda Ansgar, mwenye tamasha lake, akaja mbio kanzu kaishika mkononi. "Kaeni chini! Kaeni! Hapa hakuna mashindano! Wanasaidiana hawa, wanasaidiana!"

Ndipo nilipojua.

Nikakutazama. Ulikuwa umefunga mdomo, mikono imeshika gauni. Hukunitazama. Nikaruka ukuta wa bustani ya masista, kiatu kimoja cha Mabula kikabaki kwenye mboga, nikakuta lori la pamba barabarani.

Na kile kikao cha kuniuliza neno sikukaa. Wewe ulinituma neno moja tu, ndiyo, nami nikaenda kusema mengine yote.

Nilitaka uwe na watu wengi, dada.

Mdogo wako,
Nkwabi

Buseresere, 30 Agosti 1972

Dada,

Shikamoo. Huku mvua bado, afya ipo. Wewe je? Nauliza tena kwa sababu hujajibu.

Mabula alipita kila benchi la pombe akisimulia kisa changu. Ghalani sasa jina langu ni Njooni Huku. Karani wa mizani anasema, "Njooni Huku, lete gunia hilo huku," watu wanalala chini kwa kucheka. Nacheka nao. Nikifika kwangu sili.

Mama kaniuliza dada yako aliimbaje. Nikamwambia aliimba mpaka watu wote wakasimama. Sikudanganya. Ila tangu siku hiyo namkwepa, maana kila akiona mgeni ananiita niyarudie mbele yake.

Lile la kwenda kusoma limeishiaje? Kama limekufa kwa ajili yangu niambie. Nitukane, nitasoma yote. Barua tupu ndiyo siwezi kuisoma.

Mdogo wako,
Nkwabi

Misheni, 24 Septemba 1972

Mdogo wangu Nkwabi,

Marahaba, mara mbili, maana nina deni la barua mbili. Mimi mzima.

Sikukunyamazia kwa hasira. Siku ile ile jioni hasira iliisha. Nilikueleza habari za viatu, sikukueleza habari za wimbo. Uliniuliza nani anashindana na mimi, ni swali la mtu mwenye akili, nami nikalipita nikajibu la kiraka. Kosa hilo ni langu.

Kilichonifunga mkono ni kingine. Ulipokwisha kuruka ukuta, mwenye kijiti alikuja kwangu, uso mwekundu. Akauliza, Sista akanitafsiria, "Yule mtu ni nani?" Wote wananitazama, na yule mama wa zeze ananitazama. Nikasema simjui. Nikasema labda amelewa.

Wewe, ambaye hata togwa hunywi.

Sista akaniuliza, "Na ndugu yako mbona hatumwoni?" Nikasema anaumwa, hakuja. Telesphori aliyekulaza nimemwomba anifichie. Basi kila siku masista wanakuombea upone. Nasikia jina lako kwenye sala, nainamisha kichwa nao.

La masomo halijafa. Wananitaka. Wanangoja tu mtu wa kwetu aje aseme neno, kabla ya katikati ya Oktoba. Na wewe huwezi kuja, Nkwabi. Wakikuona tu watajua nilidanganya, na Sista mtu akidanganya hampi hata ufunguo wa stoo, sembuse kumpeleka Ulaya.

Mtume baba mdogo Gelasius. Yeye hakuwepo. Aseme yeye ndiye mwanamume wa kwetu. Wewe usije.

Nimeandika neno hilo mara nyingi nikilifuta. Limebaki kwa sababu nataka kwenda.

Dada yako,
Melania

Buseresere, 17 Oktoba 1972

Dada Melania,

Shikamoo. Baba mdogo kafika nyumbani salama, anasema kiti cha misheni ni laini kuliko cha chifu.

Najua uliniambia nisije. Lakini macho ya baba mdogo unayajua, njia ya peke yake asingeiona. Nilimpakia baiskeli ya kuazima. Tumelala njiani. Nikamwambia huko ndani mimi siingii, usinitaje. Akasema, "Mmekosana?" Nikasema hapana, wamepiga sakafu maji.

Nikakaa nje nikiipangusa baiskeli ambayo ilikuwa safi. Akatoka Bruda Ansgar. Akanitazama sana.

"Wewe nakukumbuka. Wewe ndiye uliyesimama juu ya benchi."

"Siye mimi, Bruda."

"Si wewe ndugu yake Melania?"

"Simjui."

"Baba yake mdogo umemleta wewe."

"Nimekodiwa."

Akasema, "Haya. Maji yako mtungini, kunywa, jua kali." Akaondoka. Sijui kama aliamini. Nilikunywa maji kwa sababu kaniambia ninywe.

Wewe ulikuwa mlangoni na Sista Scolastika. Mlisikia. Sikukutazama, nisije nikakuharibia kwa macho. Wala usidhani nililipiza. Nilisema hivyo kwa sababu wewe ulikwisha kusema, na watu wa nyumba moja hawasemi mawili.

Baba mdogo kasema ndiyo, imekwisha. Anasema unaondoka na treni ya Shinyanga Alhamisi tarehe mbili Novemba, Sista anakusindikiza. Mama haendi, miguu. Ananiambia mimi ndiye nitakayekupungia mkono kwa niaba yake, kashanikabidhi karanga za safari.

Dada, nije au nisije? Naweza kumpa karanga mtu mwingine. Naweza hata kusimama mbali na wachuuzi, nitauza karanga zenyewe, nani atanijua. Sema wewe. Barua isipofika, nitampa Telesphori akuletee.

Mdogo wako,
Nkwabi

Misheni, 29 Oktoba 1972

Nkwabi,

Huyu Telesphori anayekupa barua hii nimemwomba aje mwenyewe, posta ingechelewa. Afya nzuri, usingizi hakuna.

Tangu ulipoondoka na baiskeli ile, nimeshindwa kuimba. Sista anasema fungua mdomo, haufunguki. Akadhani kifua kimerudi.

Leo baada ya misa nimemwambia. Yule wa kwenye benchi ni ndugu yangu wa tumbo moja. Hakulewa. Hakuumwa. Na yule wa baiskeli ni huyo huyo.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alikunja kitambaa chake akakikunjua, akasema, "Kwa hiyo tulikuwa tunamwombea mtu mzima." Kisha akaenda kwa Bruda, wamefunga mlango mpaka sasa. Nafasi yangu iko mikononi mwao na sijui watasema nini. Sista anasema Shinyanga tutakwenda kwa vyovyote, wale wageni ofisi yao iko hapo, na neno la mwisho watalisema hapo hapo stesheni. Pengine nipande. Pengine nishushwe.

Njoo. Usisimame na wachuuzi, usimpe mtu karanga. Njoo tulipo na uniite kwa jina langu.

Wakiniacha nipande, utanipungia mkono wa Mama. Wasiponiacha, sanduku langu zito, utanisaidia kulibeba kulirudisha nyumbani.

Dada yako,
Melania