Dawa ya Baba Ninaiweka Mimi

Mama,

Baba sasa anameza dawa ile ile yako ya huzuni. Najua ungecheka kwanza, maana ni yeye aliyesema ni dawa ya wendawazimu, tena mbele ya mchungaji.

Tangu tukuzike haongei. Magugu maji yamefunga ufuo wote wa ziwa hapa Sindo, mashua hazitoki, naye hukaa mlangoni akitazama tu. Amekonda. Kanisani Sabato haendi. Siku aliponiuliza, "Achieng, mimi nimebaki wa nini?" nilimpeleka hospitali ya Homa Bay, wodi ile ile ulimolazwa baada ya kaka Ouma kufa maji kule kisiwani Remba.

Sista Moraa, yule muuguzi wako, bado yuko. Alikulilia, Mama. Unakumbuka ulivyomchukia? Kila ukimeza tembe alikwambia, "Fungua mdomo, mama. Inua ulimi." Ulisema anakufanya mtoto. Kisha akakuta tembe umezifunga kwenye pindo la leso. Sikujua nilie au nikupige. Yeye hakukukaripia. Aliketi kitandani pako, akakushika mkono, akakuuliza waziwazi ulitaka kufanya nini. Ukamwambia. Mimi nilitoka nje, sikuweza kusikia.

Lakini ulipona. Ulirudi kuuza samaki wa omena, ukamwona mwanangu akianza kutembea. Kama si malaria ile... basi, niache.

Baba amepewa dawa ya wiki moja tu, ili turudi wamwone. Sista alinieleza tena yale yale: mdomo utamkauka, choo kitakuwa kigumu, anywe maji, akiamka akae kwanza ndipo asimame, la sivyo kizunguzungu kitamwangusha, akishindwa kukojoa nimrudishe upesi. Asiguse pombe, hasa chang'aa. Na dawa isikae mikononi mwake, maana ikizidi inasimamisha moyo. Nimeifungia sandukuni mwangu. Baba mdogo Odhiambo alinifokea mbele ya watu: "Tangu lini mtoto akamnyima baba yake dawa?" Ufunguo sikuutoa.

Kilichonifanya nikuandikie ni hiki. Leo asubuhi Baba aliamka mwenyewe, akachukua jembe, akaenda kupalilia mtama wako. Majirani wakashangilia. Odhiambo akasema, "Si amepona? Mpe dawa yake." Sikumpa. Sista alisema mwili hupata nguvu kabla huzuni haijatoka, na siku hizo ndizo za kumchunga mtu zaidi.

Nikachukua jembe langu, nikalima mstari wa pili kando yake. Tukaenda hivyo mpaka nikashindwa kujizuia. Nikamuuliza, "Baba, unafikiria kujiua?"

Jembe likasimama. Nilidhani atanipiga. Akakaa chini, pale pale mtamani, akasema, "Kila siku, nyathina." Mwanangu, kila siku. Hajaniita hivyo tangu nikiwa mdogo. Akalia, Mama. Baba! Nikamshika, tukalia wote wawili, na jua likatupiga hadi akaomba maji.

Kesho tunakwenda Homa Bay, hatungoji siku tuliyopangiwa. Odhiambo na aseme atakavyo. Wakimlaza, nitatandika leso chini kando ya kitanda chake, na nitakaa hapo hadi waniambie kwa kinywa chao kwamba yuko salama.

Pumzika, Mama. Usimngoje Baba huko bado. Nitamshika huku.

Achieng wako