Seva Haikuwa Imekufa

Jumatano, Gongoni

Nimeweza, tena peke yangu!

Asubuhi kompyuta zote za hospitali, ambazo mimi ndiye fundi wake, ziligoma kufungua mfumo wa wagonjwa. Mama mmoja kutoka Ziba alikuwa amempakata mtoto anayechemka kwa homa. Mtoto huyo kuna dawa zinazomdhuru, nazo zimeandikwa kwenye faili lake humo kwenye mfumo. Daktari hakuthubutu kumchoma sindano bila kuliona.

"Seva imekufa," daktari akasema, yaani kompyuta kuu inayotunza mafaili yote.

"Nipe muda kidogo, daktari."

Niliogopa, sitajidanganya. Lakini nilipoandika namba ya seva badala ya jina lake, mfumo ulifunguka. Daktari akalisoma faili, mtoto akapata sindano.

Kumbe seva ilikuwa hai. Kompyuta ndizo zilizokuwa hazijui tena jina lile ni la nani, kwa hiyo kuna kifaa kilichokuwa kikizipotosha. Nikafuata nyaya chumba kwa chumba. Maabarani, kwa Bi Zuhura mpimaji, nikakuta ruta ngeni, kisanduku cha kugawa intaneti.

"Shikamoo, Bi Zuhura. Hii ni ya nani?"

"Marahaba, mwanangu. Nimeichomeka jana tupate intaneti kwenye simu. Ina kosa?"

Ndiyo iliyokuwa ikizipa kompyuta orodha yake ya majina, isiyo na jina la seva yetu. Nikaichomoa, nikaziwasha upya kompyuta. Jina likaitika kila chumba.

Nina wasiwasi kesho mwingine ataleta yake. Nitawaeleza wote, hata kama wataniona msumbufu.

Yule mama alipotoka aliniuliza dirisha la dawa liko wapi. Hakujua mimi ni nani. Nilimsindikiza mwenyewe, kichwa juu.