Kamshafti za Ambele

Iringa, Jumamosi usiku

Na bado inaniuma. Gari la mwandishi mwenzangu Ambele ni dogo kama langu, na injini ni zilezile. Ila yeye alimwita fundi Mgaya, akatoa kamshafti zake, zile zinazofungua vali, akaweka za injini hiyohiyo ya toleo la spoti. Nilimwambia anaharibu gari.

Leo tumetoka Mbeya pamoja, kila mtu na lake. Karibu na Mafinga tulikwama nyuma ya lori la mbao. La Ambele likaanza kumisi na kushtukashtuka, maana kamshafti zile hazipendi mwendo wa pole. Nilifurahi. Niliomba hata lizime kabisa.

Kisha barabara ikafunguka, akapotea mbele yangu. Nilimkuta Iringa ameshamaliza chai.

"Pole, kaka. Punda wako amekula?"

Nilicheka na waandishi wengine waliokuwa mezani. Jioni nikampigia Mgaya, eti kumsalimia. Akasema anayo seti nyingine.

"Nikufungie, mwandishi?"

Nikamwambia sihitaji. Kabla hajakata simu, nikamwomba asimuuzie mtu mwingine.