Mkono wa Kushoto

Mjukuu wangu Wafula,

Hapa Kanduyi tumeamka vyema. Kifua cha nyanya yako kimepona, na mahindi tumeshayavuna. Umeuliza mbona likizo ile nilikataa salamu yako ya skauti, ya mkono wa kushoto.

Enzi za mkoloni, nikiwa mwalimu kijana, niliongoza skauti wa shule yetu. Salamu hiyo ilizua ugomvi vijijini. Mzazi mmoja alinijia amekasirika: "Mwalimu, unafundisha mtoto wangu kunitukana?"

Nilimweleza kwamba kwa skauti wote duniani huo ni mkono wa undugu.

"Ati undugu? Haya, tutauona."

Tulialikwa Kitale kwenye mkutano wa vikosi vyote. Kamishna Mzungu aliwapa vijana wa Kizungu mkono wa kushoto, mmoja mmoja. Alipofika kwetu, vijana wangu walikuwa wameshanyoosha mikono yao. Akatupigia saluti, akapita.

"Mwalimu, tushushe?" mmoja aliuliza.

"Shusheni."

Jumatatu shuleni wote walinisalimia kwa mkono wa kulia. Sikumkosoa hata mmoja.

Wewe endelea na skauti yako. Mimi mkono wangu niliushusha Kitale.

Akupendaye,
Babu